Waya wa Bluu: Historia Fupi ya Kujifunza Umeme Chini ya Rwenzori

Niko hapa Bwera. Zamu ya kuandika imenifikia, na nimeombwa niandike historia. Mimi si mwalimu wa historia, mimi ni fundi wa umeme, kwa hiyo nitaandika ile ninayoijua kwa mikono. Na nitaanza na siku ambayo nilikuwa karibu kufa.

Ilikuwa mjini Kasese, kwenye jengo la zamani la duka. Tuliitwa kuondoa bodi ya fyuzi za kizamani na kuweka ya breka. Kazi nilijifunza kule Butembo kwa baba mdogo, ambaye naye alijifunza kwa Kifaransa. Kitu cha kwanza alichonifundisha ni kwamba waya wa bluu ni nyutro, hauna ubaya. Tulikuwa tumeshazima swichi kuu. Nikafungua bodi, nikaona bluu, nikanyoosha koleo.

Muzee niliyekuwa nafanya naye kazi akanivuta shati kwa nyuma.

"Wewe kijana, umeshapima?"

"Muzee, si hii ni bluu?"

"Hapa rangi haisemi kitu. Pima."

Nikagusisha tester, taa yake ikawaka. Ile bluu ilikuwa inaingia moja kwa moja kutoka kwenye mita, kabla ya swichi kuu, na ilikuwa na moto. Ilikuwa fezi ya tatu.

Nilikaa chini kidogo, miguu haikuwa yangu. Baadaye Muzee akanieleza. Uganda ilirithi mtindo wa Waingereza: fezi tatu zilikuwa nyekundu, njano na bluu, na nyutro ilikuwa nyeusi. Waingereza wenyewe wameshabadilisha. Kuanzia 2004 waliruhusu rangi mpya, na kuanzia Aprili 2006 zikawa lazima kwa kazi mpya: fezi ni kahawia, nyeusi na kijivu, nyutro ni bluu. Angalia vizuri hapo. Bluu iliyokuwa inaua sasa ndiyo nyutro, na nyeusi iliyokuwa nyutro sasa inaua. Nyaya za zamani bado ziko ndani ya kuta, na mpya zinauzwa madukani. Fundi wa leo lazima ajue zote mbili.

Sasa nani alikosea siku ile? Baba mdogo alinifundisha sawa kwa nyaya alizozijua. Aliyejenga lile duka alifunga sawa kwa wakati wake. Somo langu ndilo lilikuwa la mahali pengine na la wakati mwingine. Nimegundua kwamba hiyo ndiyo historia nzima ya kozi za umeme upande huu wa mlima: viwanda vinabadilika, somo linabaki pale pale, na anayelipa ni kijana aliyeshika koleo.

Mgodi ulijua unataka fundi gani

Wengi wetu tunaijua Kilembe kama jina la hospitali na la mto Nyamwamba unapofurika, kama ulivyofurika Mei 2013 na tena Mei 2020. Lakini Kilembe ndiyo iliyoleta umeme Kasese.

Miaka ya 1950 kampuni ya Kanada, Falconbridge, iliingia kuchimba shaba. Reli ilifika Kasese 1956, na mji wenyewe ulikua kwa sababu ya reli hiyo na mgodi. Mgodi hauendi bila umeme. Unahitaji pampu za kutoa maji chini ya ardhi, feni za kuleta hewa, mashine za kusaga mawe. Kwa hiyo mgodi ukajenga mtambo wake wa maji kwenye mto Mubuku, wenye nguvu ya megawati 5. Maji ya theluji na mvua ya Rwenzori yakaanza kuzungusha mitambo wakati vijiji vingi vya jirani bado vinatumia tadooba.

Bodi ya Umeme ya Uganda, ile UEB, ilikuwa imeanzishwa 1948, na huko Jinja Malkia Elizabeth wa Pili alifungua bwawa la Owen Falls tarehe 29 Aprili 1954. Shaba ya Kilembe ilipakiwa kwenye treni ikaenda kuyeyushwa huko huko Jinja, kwenye umeme mwingi. Kasese ilitoa shaba, Jinja ikatoa moto wa kuiyeyusha.

Mafundi walitoka wapi? Shule ya ufundi haikuwa kitu kipya Uganda. Hata Makerere, ambayo leo tunaiona ni ya madaktari na mawakili, ilianza 1922 kama shule ya ufundi: useremala, ujenzi na umekanika. Baadaye ufundi ulihamia Kyambogo na vyuo vingine. Lakini kwa umeme mkubwa, mwalimu halisi alikuwa mwajiri. Muzee wangu alianza kazi Kilembe akiwa kijana, miaka ya mwisho ya mgodi. Anasema hakuna aliyemuuliza amesoma kitabu gani. Walimkabidhi kwa fundi mmoja, na karibu mwaka mzima kazi yake ilikuwa kubeba sanduku la vyombo na kutazama. Kisha akaruhusiwa kufungua mota iliyokufa. Mota inayoishi ilikuja baadaye sana.

Mtindo huo ulikuwa na uzuri wake. Mahali pa kazi na mahali pa kujifunza palikuwa pamoja. Mgodi ukileta mashine mpya, mwanafunzi anaiona siku hiyo hiyo, hangoji wizara ibadilishe mtaala. Lakini ulikuwa na ubaya pia. Ulimfundisha mtu mashine za mwajiri mmoja tu. Mwajiri akifa, somo linakufa naye.

Na mwajiri alikufa. Miaka ya 1970 serikali ikauchukua mgodi, nchi ikaingia taabu za Amin, bei ya shaba ikashuka, vipuri vikakosekana. Kufika 1982 uchimbaji ulikuwa umesimama. Mafundi waliofundishwa na Kilembe wakatawanyika. Wengine wakawa wakulima wa kahawa, wengine wakaanza kufunga taa na redio za watu. Ujuzi wa megawati ukageuka ujuzi wa balbu. Silaumu. Mtu anakula kwa kile kinachopatikana.

Mto mmoja, mitambo mitatu

Hapa kuna kitu ambacho kila kijana wa Kasese angepaswa kupelekwa kukiona. Kwenye mto Mubuku kuna mitambo mitatu ya umeme, na kila mmoja ni wa kizazi chake. Wa kwanza ni ule wa mgodi wa miaka ya 1950, megawati 5. Wa pili kwa umri ulijengwa mwishoni mwa miaka ya 1990 na kampuni ya kobalti, KCCL, iliyokuja kuchambua mabaki yaliyoachwa na mgodi wa shaba. Huo ni kama megawati 10. Wa tatu ni Bugoye, megawati 13, uliofunguliwa 2009 kwa mtaji wa Wanorwe. Na 2018 ukaja mwingine kwenye mto wa jirani, Nyamwamba, megawati 9.2.

Kanuni ni ile ile kwa yote. Nguvu inatokana na vitu viwili: maji mengi kiasi gani, na yanaanguka kutoka juu kiasi gani. Mwaka 1956 au 2018, maji hayajabadilisha tabia.

Kilichobadilika ni namna ya kuutawala mtambo. Zamani kinga ya mtambo ilikuwa rilei za sumaku na springi, unaweza kuziona zikicheza kwa macho, na fundi mzuri alizirekebisha kwa bisibisi ndogo na sikio. Mitambo ya leo inalindwa na rilei za kompyuta. Fundi anakuja na laptopu, anasoma rekodi ya kilichotokea sekunde kwa sekunde, anabadilisha mpangilio kwa namba. Opereta anakaa mbele ya skrini. Muzee anasema siku moja alipelekwa kutembelea mtambo mpya, akatafuta geji za mishale ukutani, hakuona. "Nilihisi kama mgeni nyumbani kwangu," akaniambia.

Basi kijana anayesoma leo anatakiwa kujua zote mbili: sumaku ya zamani, kwa sababu bado iko kazini sehemu nyingi, na kompyuta, kwa sababu ndiyo inayoajiri. Kozi nilizoziona mimi zinamaliza muhula mzima kwenye kufunga taa mbili kwa swichi moja. Ni muhimu, sikatai. Lakini hiyo ni balbu, na mto uko pale nje unazungusha megawati.

Nyumba moja ikagawanyika

Sasa tugeukie upande wa sheria, lakini nitapita haraka.

Kwa miaka hamsini hivi, umeme wa Uganda ulikuwa na baba mmoja, UEB. Iliuzalisha, ikausafirisha, ikauuza, na ilifundisha watu wake yenyewe kwa ajili ya kazi hizo. Mwaka 1999 ikatungwa Sheria mpya ya Umeme. Ikazaliwa mamlaka ya usimamizi, ERA, na 2001 UEB ikagawanywa kampuni tatu: UEGCL ya kuzalisha, UETCL ya kusafirisha na UEDCL ya kusambaza. Machi 2005 usambazaji ukakodishwa kwa Umeme kwa miaka 20. Ndiyo maana Uganda jina la kampuni likawa jina la kitu chenyewe. Mkataba uliisha 31 Machi 2025, na kesho yake UEDCL ikarudi kazini.

Mabadiliko haya yalileta mengi, mazuri na mabaya, na watu wameyabishania vya kutosha. Mimi naangalia moja tu. Nyumba ilipogawanyika, nani alibaki na jukumu la kumfundisha kijana? Kazi nyingi za nguzo, nyaya na mita zikaenda kwa makandarasi. Mkandarasi anataka mtu aliyeiva tayari, kandarasi yake ni ya miezi, hana mwaka wa kumpa kijana abebe sanduku. Chuo nacho kinasema: sisi tunatoa nadharia, vitendo atavipata kazini. Kila mmoja anamwonyesha mwenzake kidole. Katikati amesimama kijana na cheti chake.

Na kazi yenyewe haikungoja. Kuanzia 2011 zilianza kuingia mita za kulipia kabla, Yaka. Bujagali ikaja 2012 na megawati 250, Isimba 2019 na 183, Karuma 600 ikazinduliwa rasmi Septemba 2024. Leo nchi ina uwezo wa kuzalisha zaidi ya megawati 2,000. Tatizo la zamani lilikuwa umeme hautoshi. Tatizo la sasa ni kuufikisha: laini, transfoma, mita, kinga, na nyaya za nyumbani ambazo hazitachoma nyumba. Hiyo ni kazi ya mafundi wengi wa kati, kuliko ya mainjinia wachache. Ni kazi yetu sisi, tungekuwa tumefundishwa.

Serikali nayo haikulala kabisa. Ikaja Sheria ya BTVET ya 2008, kisha mpango wa Skilling Uganda kuanzia 2012, kisha Sera ya TVET ya 2019 inayotaka mafunzo yaongozwe na mahitaji ya waajiri, na sasa Sheria ya TVET ya 2025, iliyokusanya mitihani na tathmini za ufundi zilizokuwa zimetawanyika zikawa chini ya bodi moja, UVTAB. Neno linalorudiwa katika yote ni umahiri: usimpime mtu kwa alichokariri, mpime kwa anachoweza kufanya. Karatasi imeshafika. Swali ni kama karakana zimefika.

Upande wa pili wa mlima

Sisi tuliotoka Beni, Butembo, Lubero na Kasindi tunaujua huu mlima kwa mgongo wake. Wakonzo wa huku na Wanande wa kule ni ndugu, mpaka ulipita katikati yao. Maji pia hayajui mpaka. Mutwanga, chini ya Rwenzori upande wa Kongo, si mbali na Kasindi, kuna mtambo mdogo uliowashwa 2013 kwenye mradi wa Hifadhi ya Virunga, karibu kilowati 400. Mlima ule ule uliowasha mgodi wa Kilembe 1956 uliwasha Mutwanga zaidi ya miaka hamsini baadaye.

Kwa hiyo msitushangae tukija na ujuzi. Kuna wenzetu hapa waliofunga mota za viwanda vya unga, waliosuka upya koili za mota zilizoungua, waliofunga sola kwa mamia. Tatizo ni kwamba ujuzi wao umeandikwa kwa Kifaransa, au haukuandikwa kabisa. Kule ni volti 220 na 380, huku 240 na 415. Kule disjoncteur, huku breka. Kule bluu ni nyutro, huku, pima kwanza!

Wenzangu wa mashirika, hili nawaomba mlisikie. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi na kutembea. Ni sheria ambayo nchi nyingi hazina. Lakini haki ya kufanya kazi bila karatasi ya kuonyesha kazi unaijua ni kama mlango ulio wazi kwenye nyumba usiyoruhusiwa kukaa. Kufunga umeme Uganda kunahitaji kibali cha ERA, na vibali vina madaraja. Bila cheti kinachotambulika hutafika hapo. Utabaki msaidizi wa mtu maisha yako yote, hata kama unamzidi ujuzi.

Kichwamba na Lhubiriha

Kuna sehemu ya historia hii ambayo nilitaka kuiruka. Muzee akasema nisiiruke.

Kichwamba, upande wa Fort Portal, kuna chuo cha ufundi cha serikali, Uganda Technical College Kichwamba. Ndicho chuo kikubwa cha ufundi katika eneo letu. Tarehe 8 Juni 1998, waasi wa ADF walikivamia alfajiri. Waliwasha moto mabweni wanafunzi wakiwa ndani. Wanafunzi 80 hivi walikufa, na wengine kama 100 walitekwa. Walikuwa vijana waliokuja kujifunza kutumia mikono yao.

Miaka 25 baadaye, usiku wa 16 Juni 2023, watu hao hao wa ADF walivuka mpaka wakaingia shule ya sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, hapa karibu kabisa na Bwera. Zaidi ya watu 40 waliuawa, wengi wao wanafunzi, na wengine walichomwa bwenini. Wenyeji wetu walizika watoto. Na sisi tuliokimbia kundi hilo hilo Beni, ambako mauaji makubwa yalianza Oktoba 2014, tulilia nao, tukajua kwamba hapa hatukuwa wageni wa msiba huo.

Siandiki haya ili kuwatia uchungu. Nayaandika kwa sababu kuna watu wanaozungumza juu ya mtaala kama ni jambo la ofisini, karatasi, mikutano, chai na mandazi. Katika eneo hili, kukaa kwenye dawati la chuo cha ufundi kumegharimu roho za watu. Baada ya hapo, kumpa kijana somo lililochakaa, la mashine ambazo hatazikuta popote, ni kumkosea mara mbili.

Kozi ya leo ingefundisha nini?

Nimekaa na Muzee na wenzetu wanne tukaandika. Hatukuiga mtaala wa mtu. Tuliuliza tu: mwaka huu tuliitwa kwenye kazi gani, na tulishindwa wapi?

Kwanza, mota. Bwera ni ya kahawa, na viwanda vya kukoboa kahawa na kusaga mahindi vinaendeshwa na mota za fezi tatu. Chuoni tunafundishwa kuiwasha mota kwa nyota kisha delta, ili isivute umeme mwingi kwa ghafla. Ukiiwasha kwa nyota, inavuta theluthi moja tu ya ule ambao ingevuta kwa delta. Vizuri. Lakini nguvu yake ya kuanza pia inashuka mpaka theluthi, kwa hiyo kinu kilichojaa kahawa hakitazunguka. Hilo nililijifunza kwa aibu, mbele ya mwenye kinu, nikiwa na cheti mfukoni. Na viwanda sasa vinanunua draivu za kielektroniki zinazopandisha kasi polepole. Mwalimu aliyenifundisha alizichora ubaoni, kuigusa hatukuigusa hata moja.

Pili, sola. Makambi na vijiji vimejaa sola, Kyaka II, Rwamwanja, kila mahali. Lakini umeme wa sola na betri unatiririka upande mmoja tu, si kama wa gridi unaogeuka. Umeme wa gridi hapa unapita sifuri mara 100 kwa sekunde, na hapo ndipo cheche ndani ya breka inapozimika. Umeme wa betri haupiti sifuri kamwe. Ukiweka breka ya kawaida ya nyumbani kwenye mfumo wa sola, siku ya shoti cheche inaweza isizimike, breka ikaungua na nyumba ikafuata. Breka hizo mbili zinafanana kwa sura. Tofauti iko kwenye maandishi madogo pembeni, na anayeuza dukani hatakuambia.

Tatu, ardhi, yaani waya wa kwenda chini. Mara nyingi tunakuta nyumba zimefungwa vizuri, rangi nzuri, taa nzuri, lakini ardhi ni kipande cha nondo kilichochomekwa kwenye mchanga mkavu. Kupima ardhi kunahitaji chombo, na tulikotoka sisi chombo hicho kilikuwa kimoja kwa wanafunzi wote, na betri yake imekufa.

Nne, mita na mawasiliano. Umeme wa kesho utasomwa kwa simu. Kijana wetu wa TikTok tayari ana nusu ya ujuzi huo, hajui tu kwamba ni ujuzi.

Tano, kuzima kabla ya kugusa: kuzima, kufunga kwa kufuli, kuweka kibao, kupima, ndipo ushike. Hili lingekuwa somo la siku ya kwanza na la siku ya mwisho. Mimi nililipata kwa kuvutwa shati.

Tufanye nini?

Historia hii inanifundisha jambo moja. Mgodi ulifundisha vizuri kwa sababu kazi na somo vilikaa chumba kimoja, lakini somo lake lilikufa na mgodi kwa sababu lilikuwa la mwajiri mmoja bila cheti cha kutembea nacho. Vyuo vina cheti cha kutembea nacho, lakini kazi imehama chumbani. Tunahitaji vyote viwili viwe pamoja, na hatuhitaji kungoja Kampala.

Kwa vyuo vya hapa: kiwanda cha saruji cha Hima kiko Kasese. Mitambo ya Mubuku iko Kasese. Kituo kikubwa cha Nkenda, ambapo laini kubwa zinakutana, kiko Kasese. Mwalimu wa umeme apewe wiki chache kila mwaka akae kiwandani, ashike, aulize, arudi na somo. Na fundi wa kiwandani aje darasani siku moja kwa mwezi, hata kama hana digrii.

Kwa mashirika: kozi za miezi mitatu mnazotupa ni nzuri, zimetusaidia. Lakini kabla hamjanunua mashine za kufundishia, nendeni kwanza mkaulize wenye vinu, wauza sola na makandarasi wa laini: mnamkosa fundi anayejua nini? Halafu toeni pesa ya mtihani unaotambulika. Kijana bila mtihani huo amepata T-shati na picha. Na tafsiri ya vyeti vya Kongo isiwe jambo la kila mtu kutafuta peke yake.

Kwa sisi vijana: kama ulijifunza kazi kwa baba mdogo, kwa shangazi mwenye karakana, au njiani, usiseme "mimi sina masomo". Uganda ina utaratibu wa kumpima mtu kwa vitendo na kumpa kitabu cha ujuzi alioupata kazini, unaitwa Worker's PAS, ulioanzishwa na Idara ya Mafunzo ya Viwandani, DIT. Unaonyesha kazi, unapimwa, inaandikwa. Uliza kuhusu huo kwenye ofisi za tathmini kabla hujaamua kwamba lazima uanze shule upya. Andika pia kila kazi unayofanya: tarehe, mahali, ulifunga nini, nani alikusimamia. Daftari la shilingi elfu moja linaweza kukutetea siku moja.

Na jifunze maneno ya pande zote mbili. Baba mdogo alinipa ya Kifaransa, Muzee amenipa ya Kiingereza na ya Kilembe, ninyi mtanipa mengine.

Mimi Jumamosi asubuhi niko karakana ya Muzee, tunafungua mota moja ya zamani ya kinu iliyoungua, tuone iliungua kwa nini. Nafasi ni ya watu sita. Anayetaka kuja aje na viatu vya mpira, na kama ana tester aje nayo, maana tuko na moja tu.